Kadi ya Mwenzako

Bi Stoo alitunza ghala la vipuri miaka thelathini na moja, na hapakupotea hata nati. Sheria yake ilikuwa moja tu: mwenye ufunguo hashiki daftari, na mwenye daftari hashiki ufunguo. Alipostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani, lakini sheria alienda nayo nyumbani mwenyewe, na mumewe ndiye aliyeipata habari yake.

Kitinda mimba wao aliolewa ughaibuni. Alipojifungua, aliwaita wazazi wake wakamwone mjukuu, na kwa kuwa anawajua, akawatumia kadi mbili ndogo zilizoandikwa kwa lugha ya kule. Kila kadi ilikuwa na jina la ukoo, namba ya simu ya binti mwenyewe, ugonjwa wa mwenye kadi na dawa zinazomdhuru. Ya baba ilikuwa na mstari mwekundu: asipewe penisilini. Mara mbili ilishamvimbisha koo mpaka watu wakaanza kupigiana simu za msiba. Ya mama ilitaja presha, na chini yake: hakuna dawa inayomdhuru.

"Mama, kila mtu akae na yake mfukoni," binti alisisitiza. "Mkipata dharura, hiyo ndiyo itakayowasemea."

"Sawa, mwanangu," aliitikia Bi Stoo, kisha akafanya ya kwake.

"Mtu akizimia hawezi kujitolea kadi mfukoni," alimweleza mumewe wakifunga masanduku. "Yako nakaa nayo mimi, yangu kaa nayo wewe. Ukianguka, mimi naitoa."

Mzee, dereva wa malori aliyestaafu, alikuna kidevu. "Na simu?"

"Simu beba wewe. Chaji nabeba mimi. Pasi za kusafiria zote kwangu."

"Haya, Bi Stoo." Akaitia kadi ya mkewe kwenye mfuko wa shati, akaenda kubeba masanduku. La mwisho likamparuza muundi. Mkwaruzo tu, alisema.

Mipango si matumizi. Siku ya tatu baada ya mkwaruzo ule walikuwa kwenye stesheni kubwa ya nchi ya watu, wakisubiri treni ya pili. Mzee alikuwa akichechemea, mguu umevimba, na ndani ya treni ya kwanza alitetemeka akasingizia kiyoyozi. Bi Stoo aliona, akajiambia watafika, ataoga maji ya moto, yatakwisha. Mzee akaenda kununua maji ya kunywa. Mkewe akabaki kwenye benchi akilinda mizigo minne, mkono mmoja juu ya kila sanduku kubwa, miguu juu ya madogo.

Dakika kumi zikapita, kisha kumi na tano. Watu wakaanza kukimbilia upande wa maduka. Alinyoosha shingo, hakuona kitu, akakaa. Mizigo haiachwi. Kisha wahudumu wawili wakapita mbele yake wakisukuma machela kwa haraka, na juu ya machela ile akaona soksi mbili, moja ya kahawia na moja nyeusi. Asubuhi ile alimsema mtu kwa ajili ya soksi hizo.

"Mume wangu huyo! Simameni!"

Alipowafikia nje, mlango wa gari la wagonjwa ulikuwa umeshafungwa. Likaondoka likilia. Bi Stoo alisimama kwenye lami, mkono ndani ya mkoba ukipapasa kadi. Akaitoa. Mstari mwekundu ulikuwa mkononi mwake, na Mzee alikuwa ameondoka na karatasi inayosema hakuna dawa inayomdhuru.

Akapiga hesabu palepale. Mguu umevimba, mtu ana homa, amezimia. Daktari wa kwanza atakayeuona mguu ule atataka kumpa nini? Penisilini. Na kabla ya kumpa atauliza nani? Ataiuliza kadi. Simu ya kumpigia binti ilikuwa kwenye suruali ya Mzee, na yeye alikuwa na chaji.

Mfagizi wa stesheni, mama mtu mzima mwenye ndoo ya magurudumu, alimkuta akizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Lugha haikuingiliana hata kidogo. Bi Stoo akamwonyesha kadi, akaonyesha gari lilikokwenda, akajishika koo na kutoa ulimi. Yule mama akaiacha ndoo yake katikati ya njia, akamkamata mkono, akamtumbukiza kwenye teksi na kumfokea dereva maneno matatu.

Mizigo hakuikumbuka mpaka taa nyekundu ya tatu. Akaisahau tena.

Hospitalini, kijana wa mapokezi alimpa namba na kumwonyesha kiti. Akaitazama ile namba, akaiweka mezani kwa adabu, akaupita mlango ulioandikwa asichojua na asichotaka kujua. Pazia la kwanza, mtoto. La pili, kitanda kitupu. La tatu, Mzee, amefumba macho, mguu wazi ukiwa mwekundu hadi gotini, chupa imening'inia, dawa inadondoka ndani ya mpira tone kwa tone.

Hakuuliza. Alichomoa mpira kwenye mkono wa mumewe, damu ikaruka kwenye shuka. Nesi akapiga kelele, mlinzi akaja, na Bi Stoo akamsimamishia nesi kadi mbele ya pua. Nesi akasoma. Akaichukua ile nyingine kutoka kwenye trei, akasoma. Akawa mweupe kama ukuta, akakimbia, akarudi na daktari na sindano mbili.

Binti alipatikana kwenye simu, akatafsiri akilia: dawa ilikuwa imeingia kidogo, wamempa ya kuipinga, sasa wamtazame nusu saa. Bi Stoo alimtazama. Alitazama midomo, koo, kope, akahesabu kila pumzi kama alivyokuwa akihesabu boliti. Nusu saa hiyo aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Mashavu yalivimba kidogo, yakasimama hapohapo. Baadaye yakaanza kushuka.

Mzee alifumbua macho jua likiwa bado dirishani.

"Kadi yangu ndiyo ilitaka kukuua," mkewe alisema. "Ni mimi."

"Nilijua haifai," alisema Mzee kwa sauti ya kukwaruza. "Siku ileile. Nilijua tunaweza kupotezana."

"Sasa mbona hukunikatalia?"

"Mama, miaka thelathini na nane hii, nimekukatalia nini?"

Bi Stoo alitafuta. Alitafuta mpaka mwanzo wa ndoa, pale walipochagua nyumba, majina ya watoto, hata rangi ya milango. Siku zote alidhani ni kukubaliana. Machozi yakamshuka, na hakuyafuta.

"Nikatalie," alisema. "Sasa hivi. Chochote."

Mzee akafikiri. Alikuwa hana uzoefu.

"Usinibane mkono," alisema hatimaye. "Unaniumiza."

Bi Stoo alitaka kumwambia kwamba hambani, amemshika tu. Akafunga mdomo, akauachia mkono.