Uzi Ni Ule Ule

Katika mtaa wa juu wa Palampur, mji wa milimani, hakuna mtoto aliyezaliwa asivishwe kitu kilichotoka mikononi mwa Damyanti. Alianza kufuma angali mtoto, kwa vyuma viwili ambavyo bibi yake aliving'oa kwenye mwavuli uliovunjika, na sasa kichwa kilikuwa kimejaa mvi lakini vidole havijajua kukaa bure. Alifuma akingoja maziwa yachemke. Alifuma ndani ya basi. Alifuma hata msibani, na watu wakamsamehe, kwa kuwa walijua kuwa bila sindano asingejua aiweke wapi mikono yake. Akimwona mgeni stendi amevaa sweta yenye nakshi asiyoijua, alikuwa akimzunguka kama mtu anayetafuta basi lake, amkodolee mgongo, na kabla ya juma kwisha nakshi ile imeshakuwa yake.

Kwa hiyo mtaa ulipata cha kucheka pale mwanawe Devinder, askari wa huko mipakani Ladakh, alipooa msichana wa nchi tambarare asiyejua hata sindano inashikwa upande gani. Jina lake Shubha. Alikuwa mfanyakazi wa posta, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kujibu. Mama yake alifariki akiwa mdogo, na baba yake, Mzee Mulkraj, mshika bendera wa reli aliyestaafu, ndiye aliyemlea, akamsuka nywele na kumpikia chapati zilizoungua kingo.

Majira ya baridi ya pili tangu aolewe, Shubha alirudi kutoka sokoni na mfuko wa sufu ya rangi ya njiwa.

"Nataka kumfumia baba," alisema. "Tangu mama afe, baba anavaa za dukani tu. Nionyeshe kuanza, Mama. Yaliyobaki niachie mwenyewe."

"Nikuachie? Kufuma si kugonga mihuri, mwanangu."

"Hata mihuri nilianza kwa kujigonga vidole."

Damyanti akacheka, akamwonyesha. Tangu siku hiyo, jua la adhuhuri lilipoliwasha paa la saruji na wanawake wakapanda na mikeka yao, karanga zao na machungwa yao, Shubha naye alikuwa akipanda kila siku ya mapumziko na mfuko wake. Alifuma ulimi umetokeza pembeni mwa midomo, kama mtoto anayeandika. Kila mara Damyanti aliponyosha mkono kumrekebishia, alijivuta kando.

"Mama, mkono!"

"Umeruka kitanzi, hukioni?"

"Nimekiona. Nacho kimeniona. Tumekubaliana."

Jirani yao Kanta, ambaye kufuma kulimshinda lakini kusema hakukumshinda, alikuwa akimenya chungwa na kumtazama.

"Shubha, mwanangu, huo mkono wa sweta ni wa baba yako au wa nyati wake wa maziwa?"

"Wa nyati, shangazi. Baba nitamfumia mwakani."

Paa zima likaangua kicheko, na aliyecheka zaidi alikuwa Shubha mwenyewe. Damyanti alicheka pia, ila vidole vyake vilikuwa vinamwasha.

Sweta ikamalizika siku chache kabla ya sikukuu ya Lohri. Shubha akaivisha mto, akausimamisha mto ule kitandani, akarudi nyuma kuutazama. Mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia. Misokoto ya kifuani, ambayo ingepanda sambamba kama misuko ya nywele, ilikuwa inapishana huku na huku kama walevi. Karibu na ubavu palikuwa na kitundu cha kupitisha kidole.

"Unaionaje, Mama?"

"Ina joto," Damyanti akasema. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyoweza kuipata isiyo uongo.

Binamu yake Shubha, dereva wa lori la chai, alikuwa aipitie na kuipeleka Pathankot kwa Mzee Mulkraj. Siku moja kabla ya kuja kwake, Kanta alifika kuazima ufuta wa sikukuu, akaikuta sweta juu ya kiti. Akaishika mabega kwa ncha za vidole.

"Shoga, hii ndiyo inayokwenda ukweni?"

"Ndiyo."

"Haya. Watu wa huko watauliza, huyu mtoto kafundishwa na nani? Wataambiwa, na mavyaa yake, si unamjua, yule Damyanti wa Palampur." Akaiweka chini taratibu. "Mimi ulimi wangu nimeufunga."

Akaondoka na ufuta wake. Maneno yakabaki.

Asubuhi Shubha alipokwenda kazini, Damyanti alikaa mlangoni kwenye jua na ile sweta mapajani. Nia yake ilikuwa kuziba kitundu kile tu. Angeapa kwa mwanawe kwamba ilikuwa hiyo tu. Lakini kitundu hakizibiki bila kushuka mistari michache, na alipoishuka akakutana na msokoto uliokwenda upande usio wake, na kuufikia msokoto ule akafumua zaidi. Uzi ulikuwa ukitoka kwa mlio ule mdogo aliouzoea tangu utotoni, tr, tr, tr, na mikono ikanogewa. Alipoinua macho, kifua chote kilikuwa kimekwisha kuwa rundo la nyuzi zilizojikunjakunja.

Akatazama barabarani. Hakuna aliyekuwa akija.

Sasa ilibidi amalize. Alifumua mgongo na mikono pia, kwa kuwa kifua kilichonyooka kisingekaa na mgongo uliopinda. Akaupitisha uzi juu ya mvuke wa birika hadi ukanyooka. Jioni Shubha aliporudi, akamwambia sweta ameiloweka kwa kuwa inanuka moshi wa jikoni, na wakati wa baridi sufu hukauka polepole. Shubha akambusu shavu kwa wema huo. Binamu mwenye lori naye akachelewa kwa theluji iliyoziba njia, na Damyanti akaishukuru theluji ile kama mwizi anavyoshukuru giza. Alifuma kila Shubha alipokuwa posta, bila kula mchana, bila kupanda paani. Kazi ikatoka kama alivyozoea itoke: misokoto imelala vizuri, shingo imekaa, mikono miwili sawasawa. Akaikunja, akaifunga kwa karatasi na kamba, akamkabidhi dereva kwa mkono wake.

"Hata sikuiaga," Shubha alisema jioni ile, akacheka.

Kwa muda Damyanti aliamini kwamba amefanya jambo zuri. Nani asiyependa mzee avae kitu cha heshima? Usingizi ulikuja kama kawaida. Hadi sikukuu ya Holi ilipokaribia, na Mzee Mulkraj mwenyewe akashuka kwenye basi kuja kumwona binti yake, kifua kikimkoroma kwa kikohozi, na ile sweta mwilini.

Shubha alikimbia kumpokea. Akainama kumgusa miguu, na alipoinuka mkono wake ukasimama kifuani kwa baba yake, juu ya msokoto. Akaufuata kwa kidole mpaka juu. Akashika mkono wa kushoto, akashika wa kulia.

"Unaikagua kazi yako?" Mzee akacheka. "Mtaa mzima nimewaonyesha. Nikikaa na chai yangu nagusa hapa, nasema, mstari huu mwanangu alikuwa ananifikiria. Na huu pia. Sikujua una mkono kama huu, binti yangu!"

"Karibu ndani, baba," Shubha alisema. "Kuna baridi."

Hakumtazama Damyanti. Alimtazama baadaye, jikoni, maji ya chai yakianza kulia.

"Mama, ile niliyofuma mimi iko wapi?"

"Ni hiyo hiyo, mwanangu. Niliinyoosha tu kidogo. Uzi ni ule ule."

"Uzi," Shubha akasema.

Akamimina chai, akaweka sukari ya baba yake, akaibeba. Hakulia, hakupiga kelele. Kelele Damyanti angeziweza. Katika ujana wake alimshinda mavyaa yake kwa kelele. Lakini Shubha tangu saa ile alikuwa mpole kupita kiasi. Ndiyo, Mama. Hapana, Mama. Nikuletee shuka, Mama? Asubuhi Damyanti akazikuta sindano zile alizompa zimewekwa kwenye kapu lake, zimefutwa, zimefungwa pamoja kwa kipande cha uzi.

Nafsi ikaanza kumsuta kweli kweli. Akaenda sokoni, akatafuta sufu ya rangi ile ile, akajifungia chumbani mchana. Wazo lake lilikuwa la kitoto, naye alijua: airudishe. Aifume ile ya kwanza, na upungufu wake wote, amkabidhi Shubha, yaishe. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umezidi kiasi gani? Kitundu kilikuwa ubavu upi? Yeye anayeiba nakshi mgongoni mwa mgeni kwa kutupa jicho mara moja, hakuikumbuka sweta iliyokuwa mapajani mwake asubuhi nzima. Hakuwa ameitazama. Alitazama makosa tu, na makosa aliyatazama ili ayaondoe. Alijaribu kukosea. Alifuma macho ameyafumba, alifuma kwa mkono wa kushoto, aliruka kitanzi kwa makusudi. Kilichotoka kilikuwa kitu kibaya kilichopangika, kama mtu mzima anayeigiza sauti ya mtoto. Akakifumua, akakaa na uzi mikononi, uso umemwiva kwa aibu.

Siku moja kabla ya kuondoka, Mzee Mulkraj aliota jua paani pamoja nao. Kanta alikuwepo, na karanga zake.

"Shubha," Mzee akasema, "daktari kaniambia kifua kisipate upepo. Nifumie na kizibao kisicho mikono, cha kuvaa ndani. Wewe kwako ni kazi ya siku mbili."

"Sifumi tena, baba."

"Kwa nini?"

"Sina nafasi."

"Si lazima kiwe cha haraka. Hata mwakani."

"Baba, nimesema sifumi."

Mzee akachukua karanga, akaishika bila kuimenya. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyebisha hodi nyumbani kwake akaambiwa arudi kesho. Shubha aliinamisha kichwa, na Damyanti akaona kwamba binti huyu yuko tayari kuonekana mchoyo mbele ya baba yake kuliko kumvunjia mavyaa yake heshima mbele ya jirani.

Akaweka kazi yake chini.

"Kaka Mulkraj," alisema, "usimlaumu mtoto. Sweta hiyo hakuifuma yeye. Yake niliifumua. Nilifuma mimi hii."

Kanta akaacha kutafuna.

"Umefumua kwa nini, dada?" Mzee akauliza kwa upole, kama asiyeelewa lugha.

"Ilikuwa imepinda. Niliona haya. Nilisema watu watasema Damyanti kafundisha nini."

Kisha Mzee Mulkraj akavua shali, akafungua vifungo vya koti, akaivua ile sweta kwa shida, kikohozi kikimshika njiani. Akaikunja vizuri juu ya mkeka. Hakuitupa. Afadhali angeitupa.

"Ni kazi nzuri sana, dada," alisema. "Nimewadanganya watu wengi, basi. Miezi yote hii nimekuwa nikishika mikono yako nikidhani ni ya mwanangu." Akamgeukia Shubha. "Yako ilikuwaje?"

Shubha akasema, "Mkono mmoja ulikuwa wa nyati." Na hapo ndipo alipolia.

"Vaa, baba," alisema katikati ya machozi. "Vaa, utashikwa kifua."

"Nina shali."

"Nisamehe, mwanangu," Damyanti akasema. "Nisameheni."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Shubha hakuitikia. Kesho yake Mzee akapanda basi na shali yake, na sweta ikabaki. Damyanti hakuthubutu kuifumua wala kumpa mtu. Aliiweka chini kabisa ya sanduku la bati, kisha akasimama pale kitambo bila kulifunga.

Devinder alikuja likizo kiangazi, akaambiwa, akakuna kichwa, akasema, "Mama, sweta tu?" Wanawake wote wawili wakamtazama kwa namna iliyomfanya aende kukata kuni. Upole wa Shubha ulilegea polepole. Alirudi kubishana na Damyanti kuhusu chumvi, na mara moja walicheka pamoja mbuzi wa jirani alipoingia jikoni. Lakini kufuma hakukutajwa, na Damyanti akawa anafuma kwa kujificha, kama mlevi na chupa yake.

Baridi ikarudi. Adhuhuri moja Shubha alivaa viatu, akachukua mfuko, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Baadaye kicheko kikasikika, na Damyanti akapanda paani kutazama. Walikuwa paani kwa Kanta, hatua chache tu ng'ambo ya ukuta: Shubha amempa mgongo, viwiko vinapanda na kushuka, na Kanta, Kanta asiyeweza hata kufuma soksi, anamfundisha.

"Hapo unapitisha nyuma," Kanta alikuwa anasema.

Si nyuma, ni mbele. Damyanti alijua kwa sauti tu ya sindano. Shingo yote itakwenda upande.

"Shangazi, una hakika?"

"Kama sina hakika, itakuwa ya nyati wa pili." Wakacheka tena. Kisha Kanta akamwona ng'ambo ya ukuta, akapunga mkono. "Shoga! Njoo utuamulie. Hapa ni nyuma au ni mbele?"

Mgongo wa Shubha ukakakamaa. Viwiko vikasimama. Hakugeuka.

Damyanti aliishika mikono yake, mmoja ndani ya mwingine.

"Siwezi kuja," akajibu. "Nina dengu jikoni, zitaungua."

Akashuka ngazi. Jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi, na hapakuwa na chungu juu yake. Akakaa kwenye kigoda akasikiliza, hadi ng'ambo ya ukuta sindano zikaanza tena kugongana, polepole, zikikosea.