Breki ya Kukanyaga Mara Mbili

"Wewe ni fundi au mwizi?" mwanangu alifoka pale gereji. "Nilikwambia ubadilishe pedi za breki, si pampu!"

"Pedi zako nzima. Ungekuwa na macho ungeziona," fundi alijibu. "Kama huniamini, peleka kwa mwingine akudanganye."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti ambacho fundi alinifutia vumbi kabla ya matusi kuanza. Gari hilo kuukuu tulikuwa nalo miaka sita. Nyumbani sote tulijua breki yake hukanyagwa mara mbili, tukaona ndiyo tabia yake. Lakini kesho mke wa mwanangu, aliyepata leseni juzi tu, ndiye angewapeleka wajukuu wangu shule, na njia ina mteremko mkali.

"Mama, hebu ingia ukanyage breki, usiachie," fundi aliniomba.

"Mama yangu si kibarua wako!"

Niliingia. Pedali ilikuwa ngumu, lakini nilipoendelea kuikanyaga ilianza kuzama taratibu, mpaka ikagusa sakafu.

"Oili ya breki inapita ndani ya pampu, haivuji nje," fundi alisema. "Ukikanyaga tena inakaza. Ndiyo maana mmedanganyika."

"Mkeo umemwambia akanyage mara mbili?" nilimuuliza mwanangu.

Alimtupia fundi ufunguo. "Badilisha hiyo pampu. Ukiniharibia, utanitambua!"

"Njoo keshokutwa. Na uje na adabu."

Tulirudi kwa miguu. Njiani alipunguza mwendo nisiachwe nyuma.