Kitabu cha Wageni wa Msikiti wa Ujiji

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024. Asubuhi hiyo Kasulu ilikuwa na ukungu, na baridi ya kiangazi ilinifanya nivae sweta mbili. Nilisali rozari yangu nimekaa ukingoni mwa kitanda cha mama, maana hakuwa amelala usiku kucha.

Darasa letu la watu wazima, sisi tunaosoma jioni baada ya shamba na soko, lilikuwa linakwenda Ujiji kuona msikiti wa zamani. Mwalimu Nduwayezu alitangulia wiki moja kuomba ruhusa, akarudi na habari iliyomwondolea mama usingizi. Msikitini kuna kitabu walimoandikwa wageni waliofia ufukweni bila ndugu, wakazikwa na watu wa msikiti.

Baba yangu alifia pale mwaka 1996, siku tuliyoshuka kwenye boti kutoka Burundi. Lori la wakimbizi lilituondoa kabla hajazikwa. Tangu hapo mama anaamini kwamba mume wake alifukiwa bila sala wala jina, na hakuna padri aliyeweza kumtoa katika wazo hilo.

"Usikubali kusomewa," aliniambia nikifunga viatu. "Soma kwa macho yako."

Nilijua kwa nini. Katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila mtu mmoja alitusomea karatasi ya majina ya mgawo wa chakula, akasema jina letu limo, kumbe halimo. Ndiyo maana nilianza shule nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Nikamwambia mama nitasoma mwenyewe, nikaondoka nikiwa na uhakika.

Tulikodi Noah mbili. Makarius, fundi mwashi anayekaa dawati moja na mimi, alinitania njia nzima kwamba nikisilimu kwaya itakosa mpiga kayamba. Tulipofika aliacha utani. Aliweka kiganja ukutani, akapima unene wake kwa mkono, akauliza waliochanganya udongo ule walitumia nini. Mlango wa mbao ulikuwa umechongwa maua, na wenyeji wanasema ulibebwa mabegani kutoka pwani. Ziwa lenyewe limerudi nyuma. Zamani, walituambia, maji yalikuwa karibu.

Wanawake tulijifunga kanga kichwani. Kizingitini nilisimama kidogo, nikamwomba Mungu anisamehe kama nakosea. Imamu, kijana mwenye sauti ya upole, alisema wanachohitaji tuache nje ni viatu tu.

Kitabu kililetwa kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikafungua ninavyofungua daftari langu. Kurasa tupu. Nikafunua nyingine, tupu. Imamu akakigeuza taratibu, akaanzia upande niliodhani ni mwisho. Hapo nikaona maandishi, lakini sikuweza kuyasoma. Zilikuwa herufi za Kiarabu, mstari baada ya mstari.

Imamu alisema maneno ni Kiswahili hiki hiki tunachoongea, ila mwandiko ule hata yeye unamshinda. Anayeuweza ni shangazi yake peke yake, kwa sababu mwandishi alikuwa baba wa huyo shangazi.

Shangazi huyo, Bi Zaitun, alikuja akijikongoja, miwani imefungwa kwa uzi. Aliniuliza namtafuta nani. Nikakumbuka kauli ya mama, nikakataa kutaja jina. Nilimwomba anisomee wote wa mwisho wa mwaka 1996.

Alinitazama juu ya miwani. "Unanipa mtihani, mwanangu."

"Naomba unisamehe, bibi."

"Nipe tu. Waliokuja kuhesabu watu waliniandika sijui kusoma, kwa kuwa nilitia dole gumba. Leo angalau napewa mtihani."

Makarius akacheka, kisha akajiziba mdomo.

Bi Zaitun akapitisha kidole kutoka kulia. Alisoma mtoto wa kike asiye na jina. Alisoma bibi kizee aliyekutwa na ufunguo mkononi. Halafu akasoma polepole zaidi: "Tarehe kumi na mbili Rajabu. Mwanamume wa Burundi. Mguu wa kushoto hana kidole kidogo. Wenziwe wa boti wamesema ni Mpawenimana, seremala, Mkristo. Tumemwosha, tumempa sanda. Hatukumswalia sala yetu, maana ana yake. Tumemwita katekista, akamsalia, nasi tukasimama naye mpaka alipomaliza. Kaburi la tatu kutoka ukutani."

Lilikuwa jina la baba, na kidole kile alikikata kwa shoka mimi nikiwa mdogo. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale.

Nilipiga simu nyumbani, nikaweka sauti ya juu, nikamwambia mama kwamba sikuweza kusoma, ila nimempata anayeweza. Bi Zaitun akasoma tena. Mama akaomba arudie pale pa katekista. Akarudia. Akaomba tena, akarudiwa mara ya tatu.

"Imana ishimwe," mama akasema, ashukuriwe Mungu, na nikamsikia analia kilio ambacho alikuwa amekibeba miaka ishirini na minane.

Nilipiga magoti kwenye kaburi la tatu na kusali. Niliporudi, Bi Zaitun alikuwa anakifunga kitabu kwa kile kitambaa. Alisema kina watu zaidi ya mia mbili, na watoto wao wengi wako huko kwetu milimani, Kasulu na Kibondo. Yeye ana miaka themanini na moja. Akiondoka yeye, hakuna atakayewasoma.

Nilifikiria akina mama wengine wasiolala. Nikatoa daftari la darasani, kurasa zake nyingi bado nyeupe, nikaliweka juu ya mkeka mbele yake. Mwalimu Nduwayezu, Makarius, imamu na darasa zima walikuwa wamesimama pale.

"Bibi, mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote naahidi," nikasema. "Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja. Wewe utasoma, mimi nitaandika kwa herufi zetu, mpaka jina la mwisho. Na safari ya kwanza nitakuja na mama."