Hakuna Shida, Afande

Maswali yote kumi na tisa Jibril aliyajibu kwa jibu moja: "Hakuna shida, afande."

Ramlah alikuwa ametumia miezi minane kuitafsiri kwa Kiswahili fomu ile ya maswali, na sasa alikuwa anaijaribu kwa wagonjwa wa hemofilia, watu ambao damu yao haigandi upesi. Ikipita, kliniki ingeitumia kuchagua nani aanze kupewa sindano za kuzuia damu isivujie viungoni. Wiki iliyopita, huko Jinja, dereva mmoja Mkenya, Omollo, alilalamika mpaka karatasi ikajaa, akaomba nyingine. Leo Ramlah yuko Mbale, na mbele yake ameketi Jibril wa Nakaloke, goti limevimba kama papai, lakini kwenye karatasi ni mzima kuliko daktari.

Akarudia swali la kwanza. "Mwezi huu, ni siku ngapi ulishindwa kupanda ngazi?"

"Hakuna, afande. Mimi napanda tu. Nakaa, nasukuma na mikono, moja moja, mpaka nafika."

Phanice, bosi wa Ramlah, akachungulia fomu. "Imejaa yote, hakuna pengo. Safi. Nimwite mwingine?"

Ramlah hakusogea. Alijisikia vibaya, maana alijua kinachoendelea. Yeye na Jibril wote ni Wanubi, wajukuu wa askari wa mkoloni. Nyumbani, kwao Ramlah kule Bugembe kama kwa kina Jibril, waliongea Kinubi. Kiswahili kilikuwa cha babu, asubuhi, watoto wamepangwa mstari akiwakagua. Mtu akikuuliza hali yako kwa Kiswahili, tena na kalamu mkononi, jibu lilijulikana kabla hajamaliza kuuliza. Fomu yake aliyoringia ilikuwa inawasimamisha wagonjwa mguu sawa. Ikipita hivi hivi, Jibril ataendelea kuburura goti lile na sindano hataiona.

"Bado," akamwambia Phanice. Akachukua fomu mpya, akamsukumia Jibril pamoja na kalamu. "Kaka, sasa uliza wewe. Mimi ndiye mgonjwa, na goti langu ndilo hilo lako."

Jibril akacheka kidogo. Akajiweka sawa kitini, akasoma kwa sauti kavu ya kikazi. "Mwezi huu, ni siku ngapi ulishindwa kupanda ngazi?"

"Hakuna shida, afande."

Jibril alikuwa ameshaishusha kalamu ili aandike. Akaizuia. Akalitazama goti lake, akalitazama kwa muda mrefu.

"Dada, wewe unadanganya," akasema polepole. "Ijumaa ulikaa chini ya ngazi za msikiti mpaka watu wakamaliza swala. Ulimwambia imamu umechelewa."

Phanice akavuta kiti, akaketi.

Jibril akatafuta penye "kila siku", akatia alama, akaikoleza mara ya pili.

"Swali la pili," akasema.