Bao la Kuachiwa

Kama kuna kitu mke wa Fundi hakukihitaji Jumapili ile mchana, ni gemu. Alihitaji kulala. Wiki nzima kiwandani alikuwa akikagua kola za sare za shule, kola mia nne kwa siku, mpaka dole gumba la kulia linauma kwa kuzipindua. Tena tangu wahamie nyumba hii ya mbali, mwaka jana, anaamka saa kumi alfajiri ili awahi zamu. Lakini mumewe huyo hapo, amepiga magoti mbele ya televisheni, anachomeka waya na kucheka peke yake.

"Fumba macho," alimwambia. "Haya, fumbua!"

Ilikuwa mashine ya gemu ya ujana wao. Si iliyofanana nayo, hapana, ile ile. Fundi aliinunua kwa mwenye kibanda cha gemu walikokutana, ikiwa imekufa kabisa, akaipeleka karakanani kwake anakotengeneza redio na televisheni, akahangaika nayo miezi mitatu mpaka akapata kimota cha kuzungushia diski. Ufa wa ubavuni bado ulikuwepo. Mkewe aliutambua, akasema, "Jamani!" kwa sauti ya kujilazimisha.

Maana pale kibandani huyu mama alikuwa akiitwa Kiboko. Hakuna kijana aliyewahi kumfunga. Wengine walimwomba awaachie japo bao moja wasichekwe, naye akawajibu, "Mimi siachii mtu. Ukilitaka, lifunge." Fundi alichezea kichapo hapo miaka miwili. Alijiapiza kwamba siku atakayomshinda ndiyo siku atakayomposa. Siku yenyewe ikagoma kufika, kijana wa watu akachoka kusubiri, akaposa akiwa nyuma mabao sita kwa bila. Kiboko akamjibu bila kuondoa macho kwenye kioo: "Nimekubali. Lakini kukuachia, sikuachii."

Hadithi hiyo Fundi kaisimulia harusini, kwenye vikao, kwa wateja wanaongoja redio zao. Kaisimulia pia kwa binti yao wa miaka kumi na mmoja, ambaye sasa alikuwa amekaa zuliani, amekumbatia mto, anangoja kuona kwa macho yake.

"Mama, mpige kumi," alisema binti.

Wakaanza, kama kuanza ndiko huko. Mashine ilikataa kuwaka. Ikawaka. Ikauliza tarehe, ikauliza timu, ikauliza jezi, kila swali na muziki wake. Zamani vidole vya Kiboko vilikuwa vinapita hapo juu kwa juu, lakini leo kila kitu kilimkera. Nani ana haja ya kuchagua rangi ya soksi? Mpira ulipoanza aliingoja ile hali yake ya zamani, moyo kumwenda mbio, shingo kukaza, ile hamu ya kumla mtu mbichi. Haikuja. Vidole vilikuwa vinakumbuka kazi, dakika ya kumi akampiga kipa chenga na kufunga. Binti akaruka, Fundi akajishika kichwa kwa furaha, na yeye mfungaji akajikuta anawaza kama nguo zimekauka kambani.

Hapo akaudhika kweli, na aliyemuudhi ni yeye mwenyewe. Mtu akuhangaikie miezi mitatu, halafu wewe ukae kama uko kwenye foleni! Akajikaza kisabuni. Akasogea mbele, akafoka, "Toa mpira wewe!" kama enzi zile, na sauti ikamtoka ya mwigizaji mbovu. Akafunga la pili, akafunga la tatu, mechi ikaisha, hakusikia chochote. Kitu hiki alikuwa akikipenda kuliko chakula. Kimekwenda wapi, na kwa nini hakikuaga?

"Mechi tano," Fundi alisema, akisugua viganja. "Kama zamani!"

Tano! Kiboko alitazama saa ya ukutani, akatazama mlango wa chumbani, akashusha pumzi. Mechi ya pili ilikwenda sare ya bao moja kwa moja mpaka dakika ya mwisho. Mshambuliaji wa Fundi akachomoka peke yake, mabeki wote nyuma yake, na dole gumba la Kiboko lilijua la kufanya bila kuambiwa. Abonyeze tu, kipa atoke, mpira udakwe, waende dakika za nyongeza. Dakika za nyongeza nazo! Akalizuia dole. Afunge, afurahi, nami nikalale, alijiambia. Mpira ukaingia.

"Baba kamfunga Kiboko!" Binti alitoka mbio, huyoo, kutangaza kwa majirani.

Fundi hakushangilia. Aliiweka padi yake ya kuchezea mapajani taratibu.

"Kipa wako hakutoka," alisema.

"Umenizidi tu. Hongera zako."

"Padi hiyo nimeitengeneza mwenyewe. Kitufe cha kumtoa kipa ni kizima, nimekijaribu mara mia." Akamgeukia. "Umeniachia."

Kiboko alitaka kucheka, akaona hapana, kicheko kingeharibu zaidi. "Sina hamu tena na gemu, Fundi. Sijui imeisha lini. Nimeitafuta hapa tangu tulipoanza, nimeikosa, mpaka najichukia. Nilitaka ufurahi, basi."

"Si ungesema? Ningechomoa waya, tukalale wote." Hakufoka, na heri angefoka. "Miaka kumi na minne najisifu kwa watu kwamba mke wangu haniachii kitu."

Akainuka, akachomoa waya, akaanza kuuzungusha mkononi kama anavyofanya karakanani akifunga kazi. Alipofika katikati, mkono ukasimama. Akatazama dari, akatazama kuta, akatazama viatu vya kazini vya mkewe vilivyowekwa tayari mlangoni kwa ajili ya alfajiri.

"Na hii nyumba?" aliuliza. "Tulibishana wiki mbili, mpaka ukasema sawa, tuhame. Siku ile nilikushinda, au uliniachia?"

Kiboko alifungua mdomo ajibu upesi, maana jibu la swali kama hilo linatakiwa litoke upesi. Nje binti yao alikuwa bado anatangaza ushindi wa baba yake, nyumba hadi nyumba. Fundi alingoja, waya mkononi.