Mpiga Eksirei Hasemi

Nyundo ilipasua kioo cha chumba cha eksirei, kipande kimoja kikamchana mama mpiga picha juu ya jicho.

"Karibu," alisema yule mama, damu ikimtiririka mpaka kidevuni. "Ingawa wenzako hupiga hodi kwa mkono."

Fundi baiskeli wa pale nje ya geti la hospitali hakucheka. Jana tu alikuwa amemzika mkewe. "Mionzi yako imemla mke wangu! Leo naiua hii mashine, na ukinizuia nakutanguliza wewe."

Miaka ishirini ya kazi ilikuwa imemfunza mama huyo kwamba mwenye uchungu ukimpa maneno, mkono hupoa. "Shemeji, mionzi ni ndugu wa kazi yako. Jina lake la Kilatini, radiusi, lilimaanisha spoki ya gurudumu. Watu wa kale waliona mwanga unachomoza kwenye jua kama spoki kwenye kitovu. Hata jina la redio unayofungulia mpira limezaliwa humo humo."

"Spoki?" Nyundo ilishuka kidogo. "Na hiyo eksi?"

"Aliyeigundua hakujua ni mionzi gani. Akaipa herufi ya kitu kisichojulikana."

"Basi yule alikuwa muungwana. Hakujua, akasema hajui. Wewe ulijua!" Mate yalimruka. "Picha ya kwanza tu uliuona uvimbe, ukamwambia, 'Nenda salama, dada.' Miezi mitatu tukamsubiri daktari!"

Ilikuwa kweli. Kanuni ya kazi ilisema mpiga eksirei akiona hasemi; msemaji ni daktari.

Nyundo ikapaa juu ya mashine, na mji mzima haukuwa na nyingine. Mama akanyakua aproni ya kukinga mionzi, kilo saba za madini ya risasi, akaivurumisha kwa mikono miwili. Ikaubana mkono wa fundi kwenye ukingo wa chuma wa meza. Mfupa ukalia ko! kama muwa.

Mama alimlaza kwenye meza hiyohiyo, akampiga picha, akaiweka filamu kwenye taa ya kusomea picha.

"Umevunjika mara mbili. Hapa, na hapa." Daktari hakuwepo, naye hakumngoja.

Fundi hakuutazama hata mkono wake. "Na yake?"

Mama aliipangusa damu iliyokuwa ikimdondoka kwenye kola. Kisha akafungua kabati, akatoa bahasha ya kaki, akaibandika filamu ya marehemu kando ya ile nyingine. Mwanga ukapenya katikati ya mbavu. Akavuta viti viwili.

"Sogea, shemeji," alisema.