Dereva Akinyanyuka Kitini

Sheria ya nne aliitunga Magdalena mwenyewe, akaiandika kwa mkono wake kwenye daftari la mistari: "Dereva akinyanyuka kitini, zamu yake imekwisha, wala hatakaa tena mpaka mbio ziishe." Siku alipoisoma mbele ya watu walimpigia makofi. Baadaye alikuja kuyajutia makofi yale kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa.

Ilikuwa mwaka 2001, viwanda vya serikali vinauzwa kimoja baada ya kingine na kila mwenye chumba cha mbele anafungua duka. Bwana Rehani alifungua la kompyuta pale Mwembesongo: mashine nne, feni moja, na pazia zito la kuzuia vumbi la barabarani. Asubuhi watu walikuja kuchapa barua za kuomba kazi. Jioni vijana walicheza mbio za magari, wameshika usukani wa plastiki uliofungwa mezani kwa mpira wa baiskeli. Kazi ya Magdalena ilikuwa kupokea wateja na kutunza dakika zao. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba tu, lakini kwa kukaa kimya na kutazama hakuwa na mwenzake. Mteja angeweza kumwongelesha habari za mvua, za harusi na za bei ya nyanya, ila dakika zake zikiisha angemwona tu kainua kidole.

Bwana Rehani ndiye aliyegundua kwamba kompyuta yake ikichomekwa kwenye waya wa simu inaweza kuunganishwa na nyingine kule chuoni Mazimbu, watu wasioonana wakashindana kwenye barabara moja. Ligi ikazaliwa hapo. Mbio zenyewe hazikuwa za kuonja. Zilikwenda saa nne mfululizo, gari moja kwa kila timu, madereva watatu wa kupokezana, kila mmoja dakika themanini, hapunguzi wala haongezi. Na kwa kuwa wa huku hawaoni ya kule, kila upande ukaweka mwamuzi wake. Mazimbu walimweka Esther, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mwembesongo hawakubishana hata kidogo, wakasema Magda.

Mbio za kwanza tu, Deogratias wa Mazimbu aliwaharibia watu raha. Kila gari lilipokaribia kona ngumu alinyanyuka, eti tumbo linamsumbua, na rafiki yake asiyekuwa kwenye orodha akateleza kitini, akapiga kona, akampisha. Esther mwenyewe ndiye aliyemfichua mwenzake. Kikao kikaitwa, wasomi wakazungumza mpaka mate yakawakauka, ndipo Magdalena akainua kidole chake kile kile na kuisema sheria ya nne.

"Na mkojo je?" aliuliza Jastin, dereva wa Mwembesongo.

"Ukojoe kabla."

Chumba kizima kilicheka, Deogratias naye akacheka kwa shida. Esther alimshika Magdalena mkono. "Dada, wewe ungesoma sheria ungetutesa."

Maneno hayo Magdalena alilala nayo na kuamka nayo wiki nzima. Hakuwa amezoea kusifiwa na watu wa chuo.

Sheria ya tano ilifuata bila ubishi: kompyuta ikiganda, mbio zinasimama pande zote mbili, na dereva hana kosa.

Fainali ikawa Mwembesongo na Mazimbu. Kampuni moja ya Dar iliyokuwa inauza kompyuta iliahidi kuwachukua madereva watatu wa timu itakayoshinda, iwafundishe ufundi miezi sita, kisha iwaajiri. Kwa Jastin hilo lilikuwa jambo la kutambia mtaani, maana alikuwa anasubiri majibu ya kidato cha sita. Eustace, dereva wa pili, baba yake alikuwa na duka la vipuri. Lakini Laurenti, wa tatu, alikuwa hana kitu kingine.

Laurenti alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Magdalena. Kwao Kinole, kule mlimani, hakuna binamu hapo, ni kaka na dada. Aliendesha mashine ya kupakia mizigo kiwandani mpaka mwenye mali mpya alipokuja na orodha yake ya kupunguza watu, na jina la Laurenti likawa la juu. Tangu hapo alikuwa anabeba magunia sokoni. Alimaliza kidato cha pili tu, na kila ofisi aliyopeleka barua waliiangalia hiyo "pili" wakamrudishia bahasha.

"Dada, njia yangu ni hii," alimwambia Magdalena usiku wa kuamkia mbio, wakiwa wanakula. "Nyingine sina. Niangalie vizuri kesho."

"Nitakuangalia," alisema Magdalena.

Jumamosi walianza saa nne asubuhi. Jastin alikimbia vizuri, Eustace akaligonga gari ukutani mara mbili, akashuka kitini jasho linamtiririka. "Oya, Lau, nisamehe mwanangu, nimekuachia mkweche."

"Mkweche ndio nimezoea," alisema Laurenti. Akakaa, Magdalena akaandika: saa sita na dakika arobaini. Laurenti hakuendesha kama mtu anayecheza. Aliendesha kama aliyepakia mayai, polepole kwenye kona na bila huruma kwenye nyoofu, na zilipobaki dakika kumi na tisa gari la Mazimbu lilikuwa nyuma yake nusu mzunguko.

Hapo ndipo pazia lilipofunguka, akaingia mjomba Alois.

Mjomba alikuwa ameshuka na ndizi kwa ajili ya soko, koti lake la kanisani mwilini, kikapu cha pilipili manga na mdalasini mkononi. Huko Kinole alikuwa ameambiwa kwamba Laurenti siku hizi anaendesha gari, akasema hilo hatasimuliwa, atalitazama kwa macho yake. Na mjomba kwa Mluguru si mgeni. Baba amekuzaa, sawa, ila shamba ni la kwa mama, na mwenye kauli juu yake na juu yako ni mjomba.

Watu wote walisimama. Jastin na Eustace walisimama, wateja wawili waliokuwa wanachapa barua walisimama, Bwana Rehani alisimama nyuma ya meza yake. Magdalena naye alikuwa ameshasimama kabla hajajua, daftari kifuani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Yuko wapi dereva wetu?"

Laurenti alisikia sauti ile. Mikono ikaachia usukani, kiti kikarudi nyuma, akawa yuko mbele ya mjomba ameinamisha kichwa, mikono yake miwili imeupokea wa mzee. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba baba. Mbona umekonda? Gari liko wapi?"

Kwenye kioo cha kompyuta gari lilikuwa linaserereka taratibu kwenye nyasi, likasimama.

"Lau!" alipiga kelele Eustace.

Laurenti aligeuka, akaona, akarukia kiti. Sekunde kumi na moja, Magdalena alizihesabu bila kutaka. Gari likarudi barabarani, bado la mbele.

Simu ya mkononi ya Bwana Rehani ikalia, akampa Magdalena. Ilikuwa kubwa kama kipande cha tofali, na sauti ya anayepiga ilisikika mpaka mlangoni.

"Magda," alisema Esther, "huku tunaona gari lenu lilisimama pale kona ya tatu. Kulikoni?"

Jastin alikuwa ameshika kichwa. Eustace alimjia Magdalena karibu kabisa, akasema kwa midomo bila sauti: imeganda, sema imeganda. Mjomba alikuwa anakitazama kile kioo huku anatabasamu, hajui lolote.

"Dereva alinyanyuka," alisema Magdalena. "Mjomba wetu kaingia. Alimwamkia."

Upande wa pili kulikuwa na kelele, kisha sauti ya Deogratias kwa mbali: "Mimi nilinyanyuka nikaitwa mwizi!" Esther akamwambia mtu anyamaze, akarudi kwenye simu.

"Sikiliza, Magda. Kumwamkia mjomba hata mimi ningenyanyuka. Huko mwamuzi ni wewe. Ukisema aendelee, sisi tutakubali. Nimeshawaambia na Deo atanyamaza. Unasemaje?"

Wote walisikia. Laurenti alisikia, ingawa macho hayakuondoka kwenye barabara. Magdalena angesema neno moja tu. Badala yake aliona mbele yake kikao cha kesho, wasomi wamekaa kwenye benchi, mmoja anamnong'oneza mwenzake: ndiyo matokeo ya kumpa darasa la saba daftari, kambeba ndugu yake. Akaona na Esther, aliyemshika mkono siku ile, anatazama chini.

"Sheria ni ya nne," alisema. "Zamu yake imekwisha."

Jastin na Eustace walikuwa wameshamaliza zao. Hapakuwa na mtu mwingine wa kukaa. Laurenti aliupeleka mkweche wake pembeni ya barabara taratibu, kama mtu anayeegesha gari la watu, akaondoa mikono. Kwa dakika zilizobaki walilitazama gari la Mazimbu likipita na kupita tena.

"Umeshamaliza safari?" aliuliza mjomba.

"Nimemaliza, mjomba. Twende ukanywe chai."

Yangeishia hapo kama si Jastin. "Mzee, umetumaliza!" alisema, na machozi yakamtoka. "Ungesubiri nje kidogo tu! Lau kakosa kazi kwa ajili ya kukuamkia wewe!"

Mjomba Alois alimtazama Jastin, akamtazama Laurenti, halafu akamtazama Magdalena na daftari lake. Alikiweka kikapu cha viungo juu ya meza, akafungua pazia, akatoka. Laurenti alimfuata mbio, akamkuta ameshafika mbali, na mzee akakataa chai.

Kesho yake hapakuwa na kikao chochote. Hakuna msomi aliyekaa kwenye benchi. Esther alituma salamu kwamba Magdalena ni mwamuzi wa kweli, na safari hii maneno yake hayakumfurahisha. Deogratias na wenzake wawili walikwenda Dar. Laurenti alibeba magunia mwezi mmoja mwingine, kisha akafunga nguo zake, akapanda Kinole kulima.

Ligi iliendelea msimu mmoja, mpaka Bwana Rehani alipouza mashine. Kabla ya hapo walikaa wakairekebisha sheria ya nne: dereva anaruhusiwa kunyanyuka kuamkia mkubwa wake. Magdalena ndiye aliyeandika marekebisho hayo. Kalamu iliandika vizuri tu, wala haikumgomea.

Alipanda Kinole mara ya kwanza baada ya miezi minane. Alikuwa anaiogopa safari hiyo, kila wiki akaipa sababu mpya. Mjomba alimpokea vizuri, akampa kuku wa kuchinja. Lakini mke wake alimvuta jikoni akamwambia mzee amebadilika. Siku hizi akifika nyumba ya mtu haingii. Anasimama uani kimya mpaka aonekane, na watu wakitaka kunyanyuka anawahi kuwazuia: "Kaeni, kaeni, malizeni kwanza." Wajukuu zake wameanza kumwamkia wamekaa. "Mwaka jana angewachapa," alisema mkewe.

Jioni ile Laurenti alimsindikiza, amebeba tenga la ndizi begani. Walitembea kwenye njia ya mteremko, mikarafuu kushoto, migomba kulia. Magdalena alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Mwembesongo. Laurenti akamtangulia.

"Sikukulaumu kwa kusema nilinyanyuka," alisema. "Nilinyanyuka kweli, na ungesema imeganda ningeona aibu. Lakini Esther alikuuliza mara ya pili. Alikupa uamuzi mkononi. Pale uliogopa nini?"

"Niliogopa watasema nakubeba. Kwamba wa darasa la saba hajui kuamua."

"Kina nani?"

"Wale wa Mazimbu."

Laurenti alilihamisha tenga bega la pili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Dada," alisema, "mle chumbani Mazimbu hakuwepo hata mmoja. Tulikuwemo sisi, na mjomba."

Walishuka mpaka barabarani, gari la ndizi likaja, Laurenti akampandishia tenga lake na kumpa mkono, na Magdalena akaupokea kwa mikono yake miwili.